Binti wa Kwetu, Mke wa Kwingine
Dkt. Joyce Laboso alipougombea ugavana wa Bomet mwaka 2017, wapinzani wake walimkumbusha alikoolewa. Mumewe, Edwin Abonyo, alikuwa Mjaluo. Basi aende akaombe kura kwa wakwe zake. Huyu alikuwa binti wa Kipsigis, mhadhiri wa zamani wa Chuo Kikuu cha Egerton, mbunge wa Sotik tangu 2008 na Naibu Spika wa Bunge la Taifa tangu 2013. Kazi yote hiyo ikawekwa kando, likabaki swali la ndoa. Sijawahi kusikia mwanamume wa Kericho wala Bomet akiulizwa mkewe ametoka wapi kabla ya kupewa kura.

Alishinda hata hivyo, akamwangusha gavana aliyekuwa madarakani, Isaac Ruto. Yeye, Charity Ngilu na Anne Waiguru wakawa wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya. Saratani ilimchukua Julai 29, 2019, hajatimiza miaka 2 ofisini.

Tukumbuke pia alivyoingia bungeni. Juni 10, 2008 ndege ilianguka Narok ikawaua dada yake Lorna, mbunge wa Sotik aliyeshinda kwa jasho lake mwaka 2007, na Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet. Joyce akachukua kiti cha dadake, Beatrice Kones akachukua cha mumewe. Mabinti wenye uwezo tunao siku zote. Kwa nini tungoje matanga ndipo tuwaone?

Jibu langu linaanzia kwenye majani chai. Simama jioni kwenye kituo chochote cha kununulia chai, uangalie foleni. Wengi ni akina mama, kikapu mgongoni, vidole vimeiva kwa utomvu wa majani. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anasoma kilo, anatoa risiti. Namba ya mkulima iliyo kwenye risiti hiyo mara nyingi ni ya mume, kwa kuwa shamba ni la mume. Bonasi ikija inaingia akaunti ya mume. Ukifika uchaguzi wa wakurugenzi wa kiwanda, anayepiga kura ni mkulima aliyeandikishwa. Mama aliyechuma msimu mzima, anayejua ni kipande kipi cha shamba kinachougua, hana kura wala hawezi kugombea.

Sasa mfikirie bintiye. Kwao anaambiwa ardhi ni ya kaka zake, yeye ataolewa. Akiolewa anaambiwa ardhi si yake, yeye amekuja tu. Siku akisimama kuomba uongozi, pande zote mbili zinamwelekeza kwingine, na sisi tunashangaa mbona wanawake hawajitokezi. Katiba ya 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi, lakini mabaraza mengi ya familia bado yanagawa shamba kana kwamba haijaandikwa.

Baba unayesoma haya, una miche yako na namba yako kiwandani. Ulizia utaratibu wa kumkatia mkeo au bintiyo sehemu ya shamba na kumwandikisha kwa jina lake mwenyewe. Uliza mapema, kabla bonasi ya mwaka huu haijalipwa.