Kilichoachwa kikirudi, ni kile kile?

Tukisema "desturi" tunafikiri ngoma, mahari na maneno ya wazee. Lakini hata kitu cha kiwanda kinaweza kutufundisha namna watu wanavyoacha jambo, kiisha wanalirudilia. Tuangalie gitaa ya umeme.

Kule Marekani, mwaka wa 1952, kiwanda cha Gibson kilitoa gitaa yenye jina la mwanamuziki Les Paul. Ilikuwa nzito, tena ya bei kubwa. Kufika mwisho wa miaka ile wanunuzi walikuwa wanapungua. Zile za rangi ya jua linalozama, zilizotengenezwa toka 1958 mpaka 1960, hazikufika hata 2000. Mwaka wa 1961 kiwanda kikabadilisha umbo: gitaa nyembamba, nyepesi, yenye pembe mbili. Ile ya kwanza ikaachwa.

Juu ya nini? Shauri la hesabu tu. Mbao, mashine na mikono ya wafanyakazi vina mpaka, na kitu kisichouzwa kinakula nafasi ya kile kinachouzwa. Kuacha namna hii haiko kosa.

Kiisha, mwaka wa 1966, Mwingereza Eric Clapton alipiga ile gitaa iliyoachwa katika sahani aliyotoa pamoja na John Mayall. Vijana wakaanza kuitafuta, na zile nzee zikapanda bei. Lakini gitaa nzee ikiuzwa mkono kwa mkono, kiwanda hakipati hata senti. Mwaka wa 1968 Gibson wakairudisha. Tena waliyorudisha ilikuwa moja ya rangi ya dhahabu na moja nyeusi. Ile ya jua linalozama, yenye kutafutwa sana, haikuwamo.

Hapa ndipo ulizo letu linapozaliwa: nani aliifufua?

Tuchukue mfano mwingine. Mwaka wa 1958 kiwanda kile kile kilitoa Flying V, yenye umbo la herufi V. Watu waliishangaa, lakini hawakuinunua. Miaka miwili ya kwanza hazikufika 100 zilizotoka kiwandani. Lakini Albert King, mpiga blues wa mkono wa kushoto, alishikilia ya kwake, akaipiga kichwa chini miguu juu miaka yote ambayo kiwanda hakikuitaka tena. Ilipotengenezwa upya mwaka wa 1967, mbao yake ilikuwa nyingine, na umbo lake pia lilikuwa limebadilishwa kidogo. Jina lilirudi lote. Kitu chenyewe kilirudi nusu.

Mimi naona hivi: kiwanda kinaweza kurudisha umbo na jina, lakini thamani inatunzwa na yule aliyeendelea kutumia kitu wakati wengine walikiacha. Wengine watasema: "Bila kiwanda, vijana wangepata wapi gitaa?" Ni kweli, na faida haiko dhambi. Lakini mwenye kufufua ana deni mbili: aseme wazi kipi ni kipya na kipi ni cha zamani, na amheshimu yule aliyetunza.

Deni hizo zinatugusa na sisi tunaopenda kufufua desturi. Katika mwaka ule ule wa 1952, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alirekodi gitaa kavu ya Jean Bosco Mwenda, aliyepiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Nyuma yake vijana wengi walifuata gitaa ya umeme. Mtindo wa vidole hauna kiwanda. Hakuna mkubwa wa kampuni atakayefungua kabati, atoe michoro ya zamani na kuagiza utengenezwe tena. Sahani inatunza sauti, lakini mkono unafundishwa na mkono.

Basi, kabla ya kutangaza kwamba tunafufua desturi fulani, tuulize kwanza: nani angali anaifanya, pasipo kupigiwa makofi? Twende kwake tungali naye.