Mizani ya Mkristu



Babati ni mji wa njia panda. Hapa hukutana barabara itokayo Arusha, na ile ya Dodoma ipitayo Kondoa, na ile ya Singida ipitayo Katesh. Msimu wa mavuno ufikapo, mahindi na mbaazi huletwa kutoka vijijini kwa pikipiki, kwa matrekta na kwa mikokoteni ya punda, yakapimwa, yakatiwa magunia, kisha yakapakiwa katika malori kwenda mbali. Na mbaazi nyingine huvuka bahari mpaka India. Atazamaye mambo hayo kutoka barazani aona biashara tu. Lakini sisi tuliopewa kuchunga roho twaona na jambo jingine: kwamba kati ya mkulima na gunia pana mizani, na nyuma ya mizani pana mtu, na mara nyingi mtu huyo ni Mkristu aliyepokea Komunyo Dominika iliyopita. Juu ya mtu huyo twataka kusema leo.

Katika mahubiri yake mlimani, Bwana wetu awaagiza wanafunzi waache nuru yao ionekane, ili watu waone matendo yao mema na kumsifu Baba wa mbinguni. Lakini katika mahubiri yale yale, baada ya maneno machache, awaonya wasitende mema kwa kusudi la kutazamwa na watu. Waamini wengi hutatizwa na maneno haya mawili. Tufuate lipi? Tuonekane, au tujifiche? Swali hili si la wanafunzi wa seminari tu. Ni la kila baba, kila mama na kila mwenye duka atakaye imani yake iwafae wengine bila yeye kugeuka mnafiki.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja. Wako wanaodhani kwamba kuwa mfano kwa wengine ni kazi ya hiari, iliyowekwa kwa ajili ya mapadre, watawa na makatekista. Sivyo. Kila aliyebatizwa ni mfano, apende asipende. Lililobaki ni kujua kama ni mfano mwema au mbaya. Mtazame kijana aliyeajiriwa kushika mdomo wa gunia. Mwajiri wake amwambia ashindilie, kisha aunge kipande cha gunia jingine juu, mpaka liwe lumbesa, ingawa sheria ya vipimo yakataza. Jioni mwajiri yule yule aongoza Rozari katika jumuiya. Kijana hatasahau gunia, wala hatasahau Rozari. Na kutokana na hayo mawili atajifunza la tatu, lililo baya kupita yote: kwamba sala ni kitu kimoja, na mizani ni kitu kingine. Hilo ndilo Kanisa huliita kwazo. Nani atahesabu ni vijana wangapi walioiacha imani, si kwa kusoma vitabu vya wapinga dini, bali kwa kufanya kazi chini ya Wakristu?

Tena hatukai peke yetu. Katika soko hili Mwiraqw, Mgorowa, Mrangi na Mbarbaig hununua na kuuza pamoja. Mkatoliki hupanga meza karibu na Mluteri, na Mwislamu karibu nao wote wawili. Jirani yetu Mwislamu pengine hatafungua Katekisimu yetu maisha yake yote. Lakini kipimo chetu akijua vema, na kwa kipimo hicho ajua Wakristu ni watu gani.

Wala tusijidharau kana kwamba hatuwezi kutenda mema. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliposhuka juu ya Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80, watu walikimbilia kuokoa na kuhifadhi waliokosa makao, na misaada ikaletwa kutoka kila upande. Mbele ya nyumba iliyofukiwa, mtu haulizi dini ya aliyemo ndani. Wema ule ulikuwa wa kweli, na Mungu atawalipa walioutenda. Lakini siku ya msiba mkuu moyo huamka wenyewe, na wengi huwa karibu kuona na kushukuru. Ni vigumu zaidi kuwa mwema siku ya Jumatatu isiyo na tukio, pasipo mtu wa kuona, na hali wema wenyewe wagharimu fedha.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapotujibu, naye hutujibu kwa uchungu: “Padre, mahubiri ni mazuri, lakini sokoni mambo ni mengine. Anayenunua kwa lumbesa hutaja bei kubwa kwa gunia, na wakulima humkimbilia yeye. Mimi nikipima kwa haki nitafunga duka, na wanangu watakosa ada ya shule. Na huyo ninayemtendea haki hata hatajua.” Si haki kumcheka mtu huyu. Mzigo wake ni wa kweli, na anayeubeza hajapata kulisha watoto. Lakini kabla ya kumjibu, twamwomba afuatane nasi mpaka Goma, mji wa mashariki ya Kongo ulio mpakani na Rwanda, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, na ambako kijana mmoja alikutwa na swali hili hili.

Kijana huyo aliitwa Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, na akiwa mwanafunzi akajiunga na Jumuiya ya Sant’Egidio, ambayo watu wake husali pamoja na kuwahudumia maskini. Huko alijitoa kwa watoto wa mitaani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa ziingiazo nchini. Kazi yake ilikuwa kuamua kama chakula kifikacho mpakani chafaa kuliwa au chafaa kuteketezwa. Ikaja shehena ya mchele ulioharibika. Wenye mali wakamletea fedha ili aupitishe; alipokataa wakaongeza; alipokataa tena, vikaja vitisho. Mchele haukupita. Julai 7, 2007, akatekwa nyara, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Juni 15, 2025, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na mfiadini, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, wakati mji wake wa Goma ukiwa mikononi mwa wapiganaji walioutwaa mwezi Januari wa mwaka huo.

Tuyafikiri mambo hayo polepole. Je, Floribert alikuwa akitafuta kuwa mfano? Fedha za rushwa hazitolewi hadharani, na kijana yule hakuwa na watazamaji. Aliowafikiria walikuwa watu wengine kabisa: wale ambao wangeununua mchele ule, wakaupika, wakawapakulia watoto wao. Hakuwajua majina, wala wao hawakumjua. Inajulikana kwamba alimtafuta mtu mwenye elimu ya tiba kumwuliza chakula kilichoharibika chaweza kuwadhuru watu namna gani. Swali hilo ladhihirisha moyo wake wote. Mtu atakaye kusifiwa huuliza, “Watasema nini juu yangu?” Yeye aliuliza, “Watapatwa na nini?”

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo maneno yale mawili ya Bwana yanapopatana. Taa huwashwa ili watu waione njia, haiwashwi ili waitazame taa. Mkristu anayemtazama jirani, na haja yake, na haki yake, atatoa nuru hata kama hakukusudia. Na Mkristu anayejitazama mwenyewe atakuwa giza hata akitundika picha takatifu katika kila ukuta wa duka. Wahenga walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu atauliza: lakini alifaidi nini? Yeye alikufa, na rushwa haikufa. Twakiri ni kweli. Hatutawadanganya wasomaji kwamba mwaminifu hutajirika siku zote, au kwamba mtu mmoja akitenda haki soko lote hugeuka. Ila tukumbuke kwanza kwamba wako watu wa Goma ambao hawakula sumu, na hawakujua kamwe ni nani aliyewakinga. Hata kama habari zake zisingalivuka mpaka ule, tendo lile lilikuwa jema kamili mbele ya Mungu. Faida ya mfano ni kama mavuno: yatufaa kuyatumaini, lakini aliye shambani ana kazi ya kupanda. Na mavuno hayo yamekwisha kuanza kuonekana, kwa kuwa leo jina la karani mmoja wa mpakani latajwa altareni, na kila karani Mkristu anayewekewa bahasha mezani ajua kwamba yawezekana kukataa.

Tena Floribert hakuwa shujaa wa siku moja. Aliyekuwa amezoea kuketi na watoto wa mitaani, ambao hawakuwa na kitu cha kumlipa, alikuwa amekwisha kujizoeza kuwaona watu wasioonekana. Haba na haba hujaza kibaba. Na jambo hilo ni kweli kwa wema kama lilivyo kweli kwa wizi. Wengi wetu Mungu hatatudai damu. Atatudai shilingi chache kwa kila gunia, tena kila siku, na labda hiyo ndiyo sababu twaona ni vigumu.

Basi tumrudie mfanyabiashara wetu. Hatumwambii abebe mzigo huu peke yake. Wakristu wafanyao biashara wakutane katika jumuiya zao, wapatane juu ya mizani moja ya haki, tena wawaalike jirani zao wa dini nyingine, maana haki si mali ya Wakatoliki. Wakulima nao wasaidiwe kuuza kwa pamoja katika vyama vya ushirika vyenye mizani halali, ili asiwepo wa kuwapunja. Watu kumi wakisimama pamoja, haki haitamfilisi mmoja wao upesi. Lakini na awepo wa kuanza; na anayeanza hana budi kukubali hasara kidogo.

Wazazi nao wajue kwamba mtoto hujifunza Amri ya Saba pale mama anaporudishiwa chenji iliyozidi sokoni, akageuka na kuirudisha. Watumishi wa ofisi wajue kwamba mnyonge aliyehudumiwa bila kudaiwa kitu amehubiriwa Injili siku ile. Nasi mapadre tusijitoe katika hesabu. Haitufai kuwahubiria watu mizani ikiwa mapato na matumizi ya parokia hayasomwi mbele ya waamini waliotoa sadaka.

Kesho malori yatapakiwa tena. Mkulima atatua mzigo wake, atatazama mshale wa mizani ambao pengine hajui kuusoma, naye atauamini mkono wa mtu asimamaye nyuma yake. Bwana na ajalie kwamba, mtu huyo akiwa Mkristu, mkulima asiwe amekosea kumwamini.