Hodi Mlangoni: Maadili ya Picha ya Mtu Mmoja

Je, anayempiga picha mtu aliyesimama peke yake mlangoni pa kanisa la kale, pasipo mtu huyo kujua, huwa amemchukulia nini? Swali hili aghalabu huachiwa wanahabari na wanasheria, nao hulijibu kwa kutaja ruhusa. Makala haya yanadai kuwa kabla ya ruhusa kuna kitu kingine kinachochukuliwa, nacho ni watu ambao mpigwa picha alikuwa nao.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupiga, kwa picha na kwa hodi, lakini sarufi haiyatendei matendo haya mawili sawa. Twaweza kusema 'nimempiga picha', mtu akawa yambwa ya tendo sawa na apigwaye kofi. Hatuwezi kusema 'nimempiga hodi'. Hapana budi kutia kiambishi cha kutendea, 'nimempigia hodi', naye mwenyeji akawa mtu anayeelekewa na tendo, awezaye kuitikia au kunyamaza. Ipo pia 'nimempigia picha', ambayo aghalabu husemwa pale mwenyewe alipotaka apigiwe. Sidai kuwa sarufi ni maadili. Nadai tu kwamba wasemaji walikwisha kuiona tofauti ambayo sisi wenye kamera tunaisahau.

Kisa chenyewe ni changu. Rabai, yapata kilomita 20 kutoka Mombasa, ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoweka kituo chao cha misheni mwaka 1846; kanisa la Mtakatifu Paulo lililopo hapo lilijengwa mwaka 1887. Miaka hiyo Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa kukubali kuwalipa fidia waliojiita mabwana zao. (Miongoni mwa waliowadai walikuwamo waungwana wa Mombasa, wasemaji wa lugha tunayoisomesha, jambo hili wahakiki wa fasihi yetu hulipitia mbio.)

Nilifika huko Jumapili moja baada ya ibada. Bibi kizee mmoja alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameuegemeza kwenye mwimo, na wanawake wenzake watano wakizungumza kando yake. Nilisubiri. Walipoteremka uani mmoja mmoja, naye akabaki akimtafuta mtu kwa macho, nilipiga.

Picha hiyo niliitumia kwa mihula miwili katika somo la uhakiki, nikiieleza kuwa taswira ya ukiwa. Wanafunzi waliichambua vyema: mlango ulikuwa mpaka wa dunia na ahera, mwimo ulikuwa historia inayoegemewa, giza la ndani lilikuwa utumwa. Niliwapa alama nzuri. Muhula wa tatu mwanafunzi mmoja alikaa kimya hadi mwisho wa kipindi, kisha akanifuata mezani. "Mwalimu, yule ni nyanya yangu. Alikuwa akiningoja mimi. Nilikuwa nimekwenda kumwitia bodaboda."

Mtetezi wa kamera atasema kuwa ukipiga hodi, picha hufa: mtu hujinyoosha, hurekebisha leso yake, uso wake ukawa uso wa studio. Hoja hii ina uzito, nami niliishikilia kwa miaka. Lakini inachukulia kwamba uso usiojua unatazamwa ndio wa kweli, na ule unaotukabili ni wa uongo. Kwa nini? Anayerekebisha leso kabla ya kutazamwa anatamka jinsi anavyotaka kujulikana, na tamko hilo ni sehemu ya ukweli wake. Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977, aliihusisha kamera na silaha. Naona aliukaza mno mfano huo, kwani bibi yule hakujeruhiwa. Roland Barthes yu karibu zaidi nasi. Katika kitabu chake cha 1980 anajenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya picha ya mamake akiwa mtoto, kisha anakataa kutuonyesha, kwa kuwa machoni petu ingekuwa picha ya mtoto yeyote. Mimi nilitenda kinyume: nilimchukua nyanya wa mtu nikamfanya ajuza yeyote.

Wala kosa hilo si la adabu pekee. Ni kosa la usomaji. Mahali ambapo watu walikimbilia kwa mamia, mimi nilingoja hadi abaki mmoja. Uhakiki wetu nao una mazoea haya. Humng'oa mhusika miongoni mwa majirani, wakwe na wadeni wake, ukamwita 'mwanamke wa Kiafrika', kisha ukasikitikia upweke wake.

Nilikwenda Rabai kuomba radhi, na safari hii nilipiga hodi. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Hakukasirika, aliisifu leso. Kisha akauliza, "Mbona umenipiga peke yangu, mwanangu? Siku ile tulikuwa sita." Akawataja wenzake wote kwa majina, akasema mmoja wao amekwisha kuzikwa. Aliomba nakala ile yenye wenzake. Niliwahi kuwa nayo, kwani niliipiga mwanzo, kabla hawajateremka. Niliifuta nikiwa bado pale uani, kwa kuwa ilikuwa na watu wengi mno.