Jina la Kiumbe cha Kilindini

Maji ya mto Mkondoa wilayani Kilosa huingia Wami na hatimaye Bahari ya Hindi, na katika vilindi vya bahari hiyo huishi matumbawe laini, yaani wanyama wa makundi wasiojenga miamba, ambao kila polipi, mnyama mmoja mmoja wa kundi, ana minyiri minane. Meli ya Kijerumani Valdivia, iliyofika Dar es Salaam mwaka 1899, ilikusanya viumbe wa kilindini, na matumbawe yake laini yalielezwa na Willy Kükenthal mwaka 1906. Umbo na rangi humdanganya mchunguzi; kwa hiyo hukata kipande kidogo kama punje ya mtama, akakitia katika dawa ya kupaushia nguo hadi nyama iyeyuke, kisha akatazama kwa hadubini sklerite zilizobaki, yaani vijiti vya chokaa vyenye vinundu na miiba, ambavyo husaidia sana kutofautisha spishi.

Je, spishi huwapo kabla ya kupewa jina? Katika Kurani (2:31) Adamu hufundishwa majina yote. Katika Mwanzo (2:19) huachiwa ayatoe mwenyewe. Mtaalamu husimama kati ya hayo mawili, kwa kuwa jina hulitunga yeye, lakini tofauti anayoitaja hakuiumba, na ndiyo maana sampuli inayobeba jina, iitwayo holotaipu, hutunzwa katika makumbusho ili kila ajaye aweze kumsahihisha. Unyenyekevu huo ni wa thamani kubwa, ingawa inaumiza kwamba sampuli za Valdivia zilipelekwa Ujerumani, ambako mwanafunzi wa Kilosa hazifikii kwa urahisi.