Nimeona kwa Macho Yangu

Kuna sentensi inayomaliza ubishi wowote, uwe kwenye matatu au kwenye kikundi cha WhatsApp: "Nimeona kwa macho yangu." Ukishaisema, nani atakubishia? Mimi nitabisha kidogo, na nitaanzia kwa jicho lenyewe.

Hebu chukua karatasi. Chora msalaba upande wa kushoto na nukta nene upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 hivi. Funga jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kulia, kisha sogeza karatasi polepole karibu na uso. Kuna mahali nukta itapotea. Mwangaza hupita kwenye konea, mboni na lenzi, ukatua kwenye retina, nyuma ya jicho. Lakini pale mshipa wa kupeleka habari kwenye ubongo unapotokea, hakuna chembe ya kupokea mwangaza. Hapo jicho ni pofu. Na bado huoni shimo lolote: ubongo umepaziba kwa weupe wa karatasi bila kukuarifu.

Kwa hivyo upofu si lazima uje kama giza. Kukhu wangu kule Bungoma alipopata mtoto wa jicho, lenzi ikawa na ukungu, hakulalamikia macho. Alilalamikia taa. Ati siku hizi wanauza taa zisizo na nguvu! Hakuwa anadanganya, alisema alichokiona.

Mtoto wa shule hana hata jana ya kulinganisha. Kama maandishi ya ubaoni yamekuwa ukungu tangu aanze shule, kwake ubao ndivyo ulivyo. Sisi wakubwa ndio tunamwita mvivu. Je, nani ana wajibu wa kujua kile ambacho mwenyewe hawezi kujua?

Kuna utafiti uliofanywa katika shule 50 za kaunti ya Trans Nzoia, matokeo yakachapishwa 2018. Walimu walipima macho ya wanafunzi. Katika baadhi ya shule, waliopatikana na shida walipewa barua ya kawaida, na asilimia 22 ndio waliofika hospitali. Katika shule nyingine walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek. Wazazi wakapewa picha inayoonyesha jinsi mtoto anavyoona, pamoja na meseji za kuwakumbusha. Huko walifika asilimia 54.

Barua inamwambia mzazi aamini. Picha inamwazima macho ya mtoto wake.

Lakini zimebaki asilimia 46. Siwezi kuwaita wazazi hao wakatili. Nauli ya kufika Kitale inaweza kuwa ndiyo pesa ya unga, na siku ya foleni ni siku bila kibarua. Hapo ni zamu ya mwingine, mwenye bajeti, kuona kutoka alipo mzazi. Wajibu hauishii kwa aliye karibu na mtoto.

Ukifungua macho yote mawili, ile nukta haipotei. Jicho la kushoto halina uwezo zaidi ya la kulia. Limekaa tu mahali tofauti, na kwa hilo linaona pale ambapo mwenzake hawezi. Ndiyo maana mtu akiniambia ameona kwa macho yake, ninamwamini, kisha ninauliza: na aliyesimama upande ule mwingine, ameona nini?