Kiti Kimoja Madrid

Marcelo H. del Pilar alikuwa wakili, mume na baba wa mabinti wawili, alipopanda meli Oktoba 1888 na kuiacha Ufilipino, koloni la Uhispania. Alikuwa amewasema hadharani watawa wa Kihispania waliotawala vijiji, na akibaki angekamatwa. Miaka michache baadaye, huko Madrid, mtu yuleyule aliinama barabarani wakati wa baridi akiokota vipisi vya sigara, apate cha kuvuta. Umaskini ule haukuletwa na mkoloni peke yake.

Wafilipino walikwenda Ulaya kwa kuwa ndani ya Uhispania yenyewe waliweza kuandika yale ambayo huko Manila yangewapeleka jela. Gazeti lao, La Solidaridad, lilianza Barcelona tarehe 15 Februari 1889 chini ya Graciano López Jaena, na mwaka ule haukwisha kabla halijahamia Madrid na kukabidhiwa del Pilar. Lilitoka mara mbili kwa mwezi. Lilidai wawakilishi bungeni, usawa mbele ya sheria, na watawa waondolewe kwenye parokia. Fedha ilichangwa Manila kwa siri, na kila aliyetoa alijua anahatarisha shingo yake.

Mwenzao José Rizal, daktari wa macho, aliandika makala akiwa Paris na Brussels. Njaa aliijua vizuri: riwaya yake Noli Me Tangere ilichapwa Berlin mwaka 1887 kwa fedha aliyokopeshwa na rafiki. Kwa hiyo aliposikia kwamba baadhi ya vijana wa Kifilipino huko Madrid wanacheza kamari, aliumia. Mwaka 1890 alimwandikia del Pilar awaonye. Wacheza kamari walifanya nini? Jina la nyumbani la Rizal lilikuwa Pepe. Wao wakaligeuza wakamwita Papa, yaani Baba Mtakatifu, kwa kuwa anahubiri sana. Mimi naona nyumba ilianza kupata ufa hapo, siku mwonyaji alipofanywa kichekesho.

Mwanzoni mwa 1891 Wafilipino wa Madrid wakaamua kuchagua kiongozi mmoja. Hoja ikawa pia kwamba kiongozi huyo awe na kauli juu ya gazeti. Del Pilar alipinga: gazeti linalishwa na watu wa Manila, vipi liamriwe na walioko Madrid? Kukawa na kambi mbili, ya Rizal na ya del Pilar. Ushindi ulihitaji theluthi mbili za kura. Wakapiga, haikufika, wakarudia, haikufika. Mwishowe Mariano Ponce, aliyekuwa upande wa del Pilar, aliwasihi wenzake wampe Rizal, naye akashinda. Akakikataa kiti. Hakutaka kuongoza watu waliogawanyika. Aliondoka Madrid, na hakuliandikia gazeti lile tena.

Tuna methali kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa siikubali. Hawa walikuwa wamekaa vizuri, mmoja akiandika kutoka mbali, mwingine akisimamia uchapaji, wakiandikiana barua za kindugu. Kilichowatenganisha ni kiti ambacho hakikuwepo mpaka wafuasi walipokichonga. Wewe uliye katika chama cha watu wa kwenu ughaibuni, jiulize ni vikao vingapi mmemalizia kwenye nani awe mwenyekiti.

Sisemi kura ile peke yake ndiyo iliyoliua gazeti. Rizal alirudi Manila mwaka 1892, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Dapitan, na wachangiaji wengi waliingiwa na hofu. López Jaena naye alikosana na wenzake. Lakini dhoruba hiyo ilimkuta del Pilar hana wa kumpokea mzigo. Alihariri, alidai michango isiyokuja, aliruka milo, na barua kwa mkewe zilizidi kuwa za huzuni. Toleo la mwisho lilitoka tarehe 15 Novemba 1895.

López Jaena alikufa kwa kifua kikuu mjini Barcelona Januari 1896. Tarehe 4 Julai del Pilar akafa katika jiji lilelile, kwa ugonjwa uleule, akiwa anataka kurudi kwao. Agosti mapinduzi yakaanza nyumbani bila wao. Tarehe 30 Desemba Rizal akapigwa risasi Manila. Mabaki ya del Pilar yalirudishwa Ufilipino mwaka 1920. Mabinti zake hawakumwona tena akiwa hai.