Ukoo Usio na Karatasi



Kijana mwenzangu, hebu tupige hesabu ndogo. Wazazi wako ni 2. Babu na bibi zako, pande zote mbili, ni 4. Ukipanda ngazi moja wanakuwa 8, ukipanda tena 16. Sasa jiulize, kati ya hao 16 unawajua wangapi kwa majina? Wengi wetu tunakwama mapema sana. Na wapo wanaokwama mlangoni kabisa, kwa sababu hata jina la baba halijulikani.

Kwa kawaida jambo hili halitusumbui, mpaka siku ya posa. Wazee wamekaa, mmoja anakohoa kidogo, anauliza: "Huyu kijana ni wa ukoo gani? Babu yake alitokea wapi?" Swali lina maana yake, hawataki ndugu waoane bila kujua. Lakini kwa asiye na jibu, linachoma. Anajiona kama mtu aliyeokotwa tu njiani. Ndipo vinapokuja vishawishi viwili: kujitungia ukoo, au kwenda kwa mganga akaulize mizimu.

Kabla hujafika huko, fungua kitabu cha Ezra, sura ya 2, aya ya 59 hadi 63. Waisraeli wanarudi kutoka uhamishoni Babeli. Wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, jumla yao 652, wanashindwa kuonyesha kwamba ukoo wao ni wa Israeli. Hata baadhi ya makuhani wanatafuta majina yao katika orodha ya nasaba, hawayaoni. Wanasimamishwa huduma mpaka apatikane kuhani wa kuuliza kwa Urimu na Tumimu.

Tazama mambo mawili. Kwanza, Biblia haijifanyi kwamba hasara hii ni ndogo. Makuhani wale waliumia kweli, walikosa nafasi yao. Pili, hawakuachwa Babeli! Walipanda pamoja na wenzao, wakahesabiwa, wakaandikwa. Na kilichoandikwa juu yao ni kwamba hawana maandishi. Leo, zaidi ya miaka 2,000 baadaye, tunalisoma jina la Nekoda kwa sababu hiyo hiyo.

Tuje nyumbani. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitoka Zanzibar wakaanzisha misioni Bagamoyo, na hapo kikawepo kijiji cha Wakristo waliokombolewa utumwani. Wengi walitekwa bara wakiwa watoto wadogo. Mfikirie kilembwe wa mmoja wao anayetafuta asili yake leo. Atafuata ukoo mpaka kwenye ubatizo, ataona jina la Kikristo, basi, njia imekatika. Mtoto yule alitoka kijiji gani? Mama yake aliitwa nani? Mfanyabiashara wa watu hakuwa na haja ya kuandika hayo. Kumbukumbu nyingine haziishi zenyewe, kuna mtu alizikata.

Mtakatifu Josephine Bakhita anaijua njia hiyo. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, na hofu ikamsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890, na tarehe 1 Oktoba 2000 Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Kanisa halikusubiri jina la kwanza lipatikane.

Kwenye falsafa tunafundishwa kwamba kutojua chanzo si sawa na kutokuwa na chanzo. Ukiona moshi, moto upo hata kama huuoni. Wewe unapumua, basi babu wa babu yako aliishi, alilima, alicheka, aliogopa radi. Wewe ndiye hati yake iliyobaki.

Tufanye nini, basi?

Uliza mapema. Bibi akiwa bado anaongea, kaa naye. Kama hakumbuki mwaka, muulize njaa gani ilikuwepo, walivuka mto gani, nani alimbeba.

Nenda ofisi ya parokia. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila ubatizo uandikwe: wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Pasipo uthibitisho wa baba, jina lake haliandikwi, na mtoto ni mbatizwa kamili hivyo hivyo. Usiwaruke wasimamizi, mara nyingi ni ndugu.

Ukifika mwisho, kubali kwamba umefika mwisho. Katekisimu, namba 2116, inakataza kuwaita wafu, kwa hiyo kwa mganga usiende. Wala usijitungie babu chifu. Ukimtunga, unamfuta babu yako halisi mara ya pili, maana umempa mgeni kiti chake. Mbele ya wazee sema wima: "Ninafahamu mpaka kwa bibi mzaa mama. Zaidi ya hapo tumetafuta, hatujapata." Hakuna aibu hapo. Na wewe uliye upande wa kuuliza, usimcheke anayejibu hivyo.

Mwisho, waombee. Katika Sala ya Nne ya Ekaristi Kanisa linawakumbuka marehemu ambao imani yao aliijua Mungu peke yake. Tarehe 2 Novemba, kwenye bahasha ya nia ya Misa, andika tu: "Wazee wetu tusiowajua majina." Padre ataisoma, na Mungu anajua ni akina nani.

Tusali: Ee Baba, wewe unawajua waliotutangulia kuliko tunavyojijua sisi. Wapokee wale ambao hatuna la kuwaitia. Utupe moyo wa kutafuta kwa bidii na kusema kweli pale tunapokwama. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee.